Muuza Punda Hachoti Maji

Kila inapozuka mada ya biashara ya ngozi za punda, hakosi mwenzetu wa kusimama na kusema kwamba mkulima aachwe auze mali yake kwa bei inayomfaa. Punda ni wake, soko ni la wote, mnunuzi amekuja na fedha taslimu mkononi. Serikali inaingiaje hapo? Hoja hii inapendeza masikioni, hasa ikitolewa na mtu ambaye kwao maji hutoka bombani. Mimi nasema ni hoja mbovu, na ubovu wake umejificha ndani ya neno moja dogo: "wake". Punda wa kijijini ni wa nani hasa?

Kabla ya kulijibu swali hilo, tutenganishe biashara mbili ambazo watetezi wa ngozi hupenda kuzichanganya. Kununua na kuuza punda wa kazi ni jambo la zamani na halali, na makala haya hayana ugomvi nalo. Kwetu Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo kuna vijiji ambavyo lori halithubutu kuvipandia. Viazi, mahindi na shayiri hushuka mgongoni mwa punda, na mbolea na chumvi hupanda vivyo hivyo. Wapo punda wanaozaliwa huku, na wapo wanaonunuliwa upande wa Kenya na kuvushwa mpaka. Asiye na punda hukodi wa jirani, au hubeba mwenyewe.

Mnunuzi wa punda wa kazi ana macho makali. Kwanza humfunua mdomo. Meno ya mbele ya kudumu humtoka punda jozi kwa jozi, kuanzia anapokaribia miaka 3 hadi anapotimiza kama miaka 5. Baada ya hapo umri husomwa kwa jinsi meno yalivyolika. Kisha hupapasa mgongo, pale shogi linapokaa, kutafuta kidonda kipya au kovu la kidonda cha zamani. Huinua kwato moja baada ya nyingine. Huagiza punda atembezwe, ageuzwe, asimamishwe, ili ajue kama anachechemea na kama anamtii binadamu au anamwogopa. Akiwa jike, huuliza amezaa mara ngapi na kama ana mimba. Muuzaji naye hujitetea: huyu ameshuka na magunia msimu wote, huyu hajui kupiga teke. Dalali husimama kati yao akiapa kwa kila kiapo. Mapatano yakifikiwa, shahidi hushuhudia kamba ikibadilisha mikono. Usumbufu wote huo una sababu: punda akitunzwa vizuri hufanya kazi miaka 15 na zaidi, na mnunuzi anajua kwamba kosa la leo atalilisha na kulipiga bakora miaka yote hiyo.

Mnunuzi wa ngozi hafunui mdomo. Kidonda cha mgongoni hakimsumbui. Mimba haimpunguzii hamu. Anachohitaji ni mnyama anayeweza kufika kichinjioni, na wengine hata hilo hawalihitaji, maana ngozi inaweza kuchunwa porini usiku. Huyu siye mnunuzi wa pili katika soko lilelile, kama tunavyoambiwa. Amekuja kununua kitu kingine kabisa, na fedha zake zimelipa soko lile kipimo kipya ambacho ndani yake uzoefu wa punda, utii wake na miaka yake ya kazi iliyobaki havina thamani ya senti moja.

Ngozi hizo huenda China kutengenezea ejiao, gundi inayopatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda na inayotumiwa katika tiba za jadi, vyakula na vipodozi. Sina kejeli kwa dawa za watu. Kila taifa lina mizizi yake na majani yake. Lakini tuangalie wenye dawa walifikaje kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda karibu milioni 11. Miongo mitatu baadaye hawafiki milioni 3. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilikadiria mwaka 2024 kwamba kiwanda cha ejiao kinahitaji ngozi zisizopungua milioni 5.9 kwa mwaka. Msomaji afanye hesabu mwenyewe: punda wote waliobaki China hawatoshi mahitaji ya mwaka mmoja. Ndiyo maana mnunuzi amefika Niger, Burkina Faso, Ethiopia, Kenya, Tanzania.

Kenya ndiyo somo letu la karibu. Mwaka 2012 punda aliingizwa rasmi katika orodha ya wanyama wanaoweza kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Kuanzia 2016 vichinjio vinne vikawa na leseni: Mogotio katika Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya nchi hiyo, KALRO, ilitoa ripoti mwaka 2019 ikionyesha kwamba kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018 punda 301,977 walichinjwa katika vichinjio hivyo. Waliokuwa wakichinjwa kwa mwaka ni asilimia 5.1 ya punda wote, ilhali idadi yao iliongezeka kwa asilimia 1.04 tu. Ripoti ikaonya kwamba kwa mwendo huo punda wangeweza kumalizika nchini Kenya ifikapo 2023.

Hapa wapinzani wangu huchekelea. Mwaka 2023 ulifika ukapita, wanasema, na punda bado wapo Limuru, wapo Mwea, wapo Kajiado. Wanasayansi walitutisha bure. Wanasahau kilichotokea katikati. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alitangaza kufuta leseni za vichinjio baada ya wenye punda kuandamana na kulalamika. Ni kweli kwamba Mei 2021 Mahakama Kuu ilitengua marufuku hiyo baada ya mwenye kichinjio kimojawapo kwenda kushtaki, lakini kasi ya mwanzo ilikuwa imekatwa. Mtu akikwambia nyumba itaungua usipozima moto, nawe ukamwaga maji, huwezi kumwita mwongo kwa sababu paa limebaki.

Sasa turudi kwenye neno "wake".

Kwa Wamaasai wa Kajiado, kwa Wapokot wa pande zote mbili za mpaka, na huko Karamoja, mzigo wa punda ni mzigo wa mwanamke. Yeye ndiye anayemfunga madumu, anayekwenda naye kisimani, anayemtwika vyombo vya nyumba familia inapohama kufuata malisho. Kwa maneno mengine, punda amechukua nafasi ya kichwa na mgongo wa mtu mahususi, na mtu huyo ana jina ndani ya kila nyumba. Lakini siku ya soko, anayempeleka punda mnadani mara nyingi ni baba mwenye nyumba, au kijana wake. Fedha huingia mfuko mmoja, kazi hurudi kwenye kichwa kingine. Wachumi wetu wanaandika kwamba "kaya" imeuza punda na "kaya" imepata kipato. Kaya haichoti maji. Kaya haina shingo.

Tuchukulie kisima kiko umbali wa kilomita 3, na nyumba inatumia madumu matatu ya lita 20 kwa siku. Mama mwenye punda hutembea safari moja: kilomita 6 kwenda na kurudi, mikono mitupu. Mama aliyeuziwa punda hutembea safari tatu: kilomita 18, na katika hizo kilomita 9 ana kilo 20 kichwani. Hawezi kuzimaliza kila siku na bado apike, apalilie na alee. Kwa hiyo dumu la pili huchotwa na binti, na dumu la tatu halichotwi kabisa. Nyumba inaoga kwa zamu. Ikiwa binti anafika shule saa nne badala ya saa mbili, hilo nalo ni sehemu ya bei ya punda, ila halikutajwa mnadani wala halikuandikwa kwenye stakabadhi. Nani alimuuliza mama huyu kama bei inamfaa?

Watetezi wa soko huria hujibu kwamba basi auze punda mmoja leo kwa bei nzuri, anunue mwingine kesho. Wangetembelea soko lolote la mifugo wasingesema hivyo. Bei iliyompendeza muuzaji ndiyo hiyohiyo atakayokutana nayo akirudi kununua. Ndani ya miaka michache ya vichinjio, bei za punda nchini Kenya zilipanda mara mbili na zaidi, na waliopanda nazo ni madalali waliokuwa na malori. Mzee aliyeuza kwa sababu ya karo au ugonjwa alikula fedha yake mwezi uleule, kisha akagundua kwamba punda wa kazi sasa anashindaniwa na mtu mwenye mfuko mrefu kuliko wake, mtu asiyejali kama mnyama anachechemea. Mkokoteni ulibaki uani bila wa kuuvuta. Katika sehemu kama Mwea, ambako punda huvuta mpunga, na Limuru, ambako huvuta maji ya kuuza, kumpoteza punda ni kupoteza duka.

Na hao ni waliouza kwa hiari. Bei ya ngozi ilipopanda, wizi ulipanda nao. Katika kaunti kadhaa za Kenya wenye punda waliamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa, na baadaye mzoga umepatikana kichakani bila ngozi. Punda walivushwa pia kutoka Ethiopia na Tanzania bila vibali. Punda ana tabia ya kuachwa ajitafutie malisho jioni. Hafungiwi kama ng'ombe. Soko hili limewafanya watu waliokuwa wakilala usingizi waanze kulinda zizi kwa tochi. Hoja ya "mali yake" inakuwaje hapo, wakati mali yenyewe imekuwa haikai?

Kuna wanaosema tatizo litakwisha tukianza kufuga punda kwa wingi kama tunavyofuga kuku. Hawa nawapa jibu fupi, kwa kuwa maumbile yamekwisha kuwajibu. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo anahitaji kama miaka 3 au 4 kabla hajafaa kwa kazi. Kama ufugaji wa viwandani ungekuwa rahisi, China yenye fedha, wataalamu na punda milioni 11 ingekuwa ya kwanza kuufanikisha, wala isingevuka bahari kuja kununua punda wa mama wa Kajiado.

Wengine wanatuambia punda amepitwa na wakati, tununue pikipiki. Bodaboda nazipanda na nazipenda. Lakini pikipiki inataka petroli kila siku, inataka vipuri, inataka njia, na haizai. Zaidi ya hayo, mwanamke anayeuziwa punda hapewi pikipiki, anapewa dumu. Siku watakapotuonyesha kijiji ambacho fedha ya ngozi ilimnunulia mama bomba la maji, nitaandika makala nyingine. Ajira za vichinjio? Zilikuwapo, mamia machache karibu na viwanda vyenyewe. Zipimwe na ajira za wavuta mikokoteni zilizopotea, mizani itasema.

Hapa nina neno na wenzangu wa Kiswahili, kwa kuwa hatuko nje ya jambo hili. Tunajifunza methali, na punda kwetu ni mnyama wa kutolewa mfano mbaya: shukrani zake ni mateke, naye afe mradi mzigo wa bwana ufike. Wanasiasa wa Kenya wakitaka kumsikitikia mwananchi husema punda amechoka, kisha wanampanda tena. Tunazichambua semi hizi kama tamathali, tunapata alama zetu, tunakwenda zetu. Sijawahi kusikia tukiuliza hiyo ya mzigo wa bwana ilitungwa kwa mtazamo wa nani. Haikutungwa na aliyemfunga mzigo. Lugha iliyomzoea punda kama tusi huwafanya watu wacheke pale suala la punda linapoletwa bungeni au darasani, na kicheko hicho kimewafaa sana wafanyabiashara wa ngozi. Wakati huohuo maneno ya ufundi yanapotea. Ni wangapi kati yetu wanajua kwamba shogi ni ule mfuko wa pande mbili anaobebeshwa punda, au kwamba kihongwe ni punda wa mizigo? Wakulima walio jirani na vyuo vyetu wanayo maneno yao ya umri, rangi na mwendo wa punda, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, na msamiati huo unaishi pale mnadani, mdomoni mwa yule mnunuzi anayefunua meno. Akiondoka yeye akabaki anayehesabu vichwa kuvipakia lorini, maneno hayo hayana pa kukaa.

Nakiri kwamba marufuku peke yake ni dawa dhaifu. Burkina Faso na Niger zilizuia usafirishaji mwaka 2016, na njia za panya zikaendelea. Ethiopia, nchi yenye punda wengi kuliko zote duniani, ilifunga kichinjio cha Bishoftu mwaka 2017 baada ya malalamiko ya wakazi, lakini punda wake waliendelea kuvushwa kuelekea kusini. Mahakama ya Kenya ilionyesha jinsi tangazo la waziri linavyoweza kuanguka kwa kesi moja. Serikali zinapenda marufuku kwa kuwa hutangazwa mbele ya kamera. Kazi ya kusimama mnadani Jumatano asubuhi haina kamera.

Kazi hiyo ndiyo ninayoidai. Ng'ombe akiuzwa sokoni, katika nchi zetu nyingi, kuna karatasi: ametoka wapi, ameuzwa na nani, anakwenda wapi. Punda naye apewe karatasi hiyohiyo, na iwe na nafasi ya jina la mtu anayemtumia, si la mwenye nyumba tu. Asiuzwe bila sahihi au dole gumba la mwanamke anayemtegemea. Najua nitaambiwa hilo ni kuingilia mila. Katika nchi zetu kadhaa sheria ya ardhi imekwisha kukataa mume auze shamba la familia bila ridhaa ya mke, na mbingu hazikuanguka. Shamba bila punda, katika kijiji kisicho na barabara, ni mahindi yanayoozea ghalani. Mnunuzi anayechukua punda kumi kwa siku moja aulizwe anakwenda kulima wapi. Na vijiji vya mpakani, vya kwetu vikiwemo, viache kujifanya kwamba haya ni ya Wakenya. Lori linalokosa mzigo Kitale linajua njia ya Suam.

Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubali kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote, wakifuata azimio lililotokana na mkutano wa Dar es Salaam wa Desemba 2022. Wengi tulishangilia. Sasa tuhesabu tena. Punda jike aliyezaliwa mwaka huo wa 2024 atakuwa tayari kuzaa kama mwaka 2028. Akizaa kila baada ya miaka miwili, asipoibiwa wala kuvunjika mguu, kufikia 2039 atakuwa na watoto watano au sita, na wa mwisho wao bado hawajaanza kazi. Huo ndio muda wote tuliopewa. Ngozi zinazohitajika ni milioni 5.9 kwa mwaka, na wanunuzi hawajafunga ofisi zao.